Fundi anasema gasketi ya hedi imeungua na anataka 1,650,000. Nitafute fundi wa pili au nilipe?

#1 Noah la Forest

Habari za asubuhi, wakuu. Naomba ushauri kabla gari langu halijafunguliwa, kwa sababu likishafunguliwa sitakuwa na la kuuliza tena.

Nina Toyota Noah ya mwaka 2004 yenye injini ya 1AZ-FSE. Siku za kazi linatembea kati ya Forest na mjini, mwendo usiofika kilomita nne, na mwishoni mwa wiki nalipeleka Isongole. Wiki mbili zilizopita, nikipanda kutoka Uyole, mshale wa joto ulivuka nusu kwa mara ya kwanza tangu nilinunue. Nilisimama pembeni, nikaliacha lipoe, nikaongeza maji kama lita moja na nusu, kisha nikaendelea hadi nilikokuwa nakwenda.

Fundi wangu, ambaye ni jirani na tunasali kanisa moja, alifungua mfuniko wa oili akanionyesha utando mweupe upande wa ndani, mfano wa maziwa yaliyoganda. Akaniambia niangalie ekzosti asubuhi, na kweli ilitoa moshi mweupe. Akahitimisha kuwa gasketi ya silinda hedi, ile inayozuia maji, oili na gesi ya silinda visichanganyike, imeungua. Orodha yake ni hii: seti ya gasketi 320,000, kusaga hedi 150,000, boliti za hedi 120,000, pampu ya maji 180,000, rejeta 380,000, oili na filta na kulanti 150,000, na ufundi 350,000. Jumla ni 1,650,000. Anataka nusu leo ili alifungue kesho.

Maswali yangu ni mawili. Je, dalili hizo zinatosha kufungua injini? Na mtu anaendaje kwa fundi mwingine bila kuvunja ujirani?

#2 Mtani wa Lumbesa

Kabla hatujagusa injini, mkuu, huko Isongole huwa unapakia nini?

#3 Noah la Forest

Viazi. Gunia nne, mara nyingine tano, na ndiyo, ni za lumbesa. Lakini limebeba hivyo kwa miaka mitatu bila kulalamika.

#4 Baridi ya Njombe

Kamwene. Huo utando mweupe kwenye mfuniko wa oili ulinigharimu fedha mwaka juzi, kwa hiyo nitauzungumzia huo peke yake.

Ninaishi Njombe, ambako mwezi wa sita na wa saba asubuhi mtu anakwangua barafu kwenye kioo. Gari langu lilikuwa linatoka nyumbani hadi dukani, dakika saba, linazimwa. Injini inayotembea kwa muda mfupi hivyo haipati joto la kutosha kuufukuza unyevu uliomo ndani, na unyevu huo unapanda kwenye sehemu iliyo baridi kuliko zote, ambayo ni mfuniko wa oili, unachanganyika na mvuke wa oili na kuganda kama siagi. Fundi aliponionyesha niliamini, hedi ikashushwa, gasketi ikatoka nzima kabisa. Nililipa, kwa sababu kazi ilikuwa imeshafanyika. Baada ya wiki tatu utando ukarudi, na gasketi ilikuwa mpya.

Angalia kijiti cha kupimia oili. Kama oili ya chini ni nyeusi au ya kahawia na safi, na maziwa yapo kwenye mfuniko tu, hiyo bado si hukumu. Kama oili yote imegeuka kuwa kama chai ya maziwa, usiwashe gari tena. Moshi mweupe wa asubuhi nao, kwa Mbeya ya mwezi huu, ni mvuke ambao kila gari linautoa na unakwisha injini ikipata moto. Wa kutisha ni ule usiokwisha.

#5 Spana 17

Nimefanya kazi ya umakanika kwa miaka kumi na tisa, Mwanjelwa na sasa Mbalizi. Maelezo ya Baridi ya Njombe kuhusu mfuniko ni sahihi, na fundi yeyote wa nyanda hizi anayehukumu kwa mfuniko peke yake amekosea. Lakini mleta uzi ametaja jambo moja ambalo wote mmelipita: lita moja na nusu ya maji haikupotea kwa baridi. Imekwenda mahali. Imevuja nje, imetoka na ekzosti, au imeingia kwenye oili. Mpaka mjue ilikokwenda, msimwambie mtu kwamba gari lake ni zima.

Noah la Forest, naomba unijibu haya. Kijiti cha oili kikoje? Kopo la akiba la maji linatoa mapovu injini ikinguruma? Asubuhi, kabla hujawasha, ukiuminya mpira wa juu wa rejeta ni laini au ni mgumu?

#6 Noah la Forest

Kijiti ni kisafi, oili ni ya kahawia. Mapovu yapo, lakini nilikuwa nimetoka kuongeza maji. Mpira sijauminya, nitauminya kesho.

#7 Spana 17

Mapovu baada ya kuongeza maji yanaweza kuwa hewa iliyobaki ndani ya mfumo. Yakiendelea siku ya tatu, tena yakizidi unapokanyaga mafuta, hiyo si hewa tena, ni gesi ya silinda. Na mpira ukiwa mgumu gari likiwa limelala usiku kucha, kuna presha inayoingia kwenye maji kutoka mahali pasipostahili.

#8 Mizani Makambako

Mimi ni dereva wa malori, injini ndogo sizijui sana, lakini bili naijua kusoma. Orodha hiyo ina rejeta, pampu ya maji na gasketi kwa pamoja. Rejeta iliyoziba inachemsha gari. Pampu mbovu inachemsha gari. Gasketi iliyoungua inachemsha gari. Mtu anayebadilisha vyote vitatu kwa siku moja hajajua kilichoharibika, na kutojua kwake unakulipia wewe. Hapo sijasema habari ya cha juu kinachobaki dukani kila spea inaponunuliwa.

#9 Spana 17

Hapana, mkuu Mizani, hapo unanionea mimi na wenzangu. Gasketi haiungui yenyewe. Inaungua kwa sababu kitu kingine kililiacha gari lichemshe. Nikibadilisha gasketi nikaiacha rejeta iliyojaa kutu, baada ya miezi miwili mteja anarudi, na safari hiyo ananiita mwizi. Orodha ndefu inaweza kuwa ya fundi mwoga, na inaweza kuwa ya fundi mwenye uzoefu. Kwa kuisoma tu huwezi kuwatofautisha.

Kuhusu cha juu, sikatai kwamba kipo. Mteja aende dukani mwenyewe na namba ya spea.

#10 Dada wa Gangilonga

Naandika nikiwa Iringa. Kesi yangu haikuwa ya kuchemsha, ila inafanana na yenu kwa jinsi ilivyokwenda.

Gari langu lilianza kuchelewa kubadili gia, hasa ninapopanda kutoka Ipogolo kuja mjini. Fundi wa kwanza alilizungusha mtaa mmoja, akarudi akasema giaboksi imekufa na inatakiwa nyingine ya mtumba kutoka Dar es Salaam, 1,900,000 pamoja na kufunga. Nikaenda kwa wa pili, mita mia mbili kutoka kwa wa kwanza, akasema hivyo hivyo. Nikaona watu wawili hawawezi kukosea. Baadaye nilikuja kujua kwamba wa pili alijifunza kazi kwa wa kwanza, na kwamba walipigiana simu nikiwa bado njiani.

Wa tatu nilimfuata Mafinga, kwa sababu nilikuwa na safari yangu huko. Alichofanya cha kwanza ni kuchomoa kijiti cha oili ya giaboksi. Oili ilikuwa chini kabisa. Alilala chini ya gari akakuta bomba dogo linalopeleka oili kupoozwa kwenye rejeta linatoa machozi kwenye kiungo. Alibana kiungo, akaongeza oili inayostahili, akanidai 85,000. Mwaka wa pili huu linatembea.

Kwa hiyo ukitafuta fundi wa pili, vuka angalau mto. Mafundi wa mtaa mmoja wana maoni mamoja.

#11 Surf ya Chunya

Nimesoma hadi hapa na naona mnaelekea kumwambia mwenzetu kuwa fundi wa pili daima ni mkombozi. Ngoja niwape upande wangu.

Nilikuwa na Hilux Surf ya dizeli yenye injini ya 1KZ-TE. Wanaozijua wanajua kuwa hedi zake zina sifa ya kupasuka zikichemshwa. Fundi wangu wa kwanza alisema hedi imepasuka, tuishushe. Bei ilinitisha, nikatafuta wa pili, naye akasema ni rejeta tu. Nilimpenda sana huyo wa pili, kwa sababu alisema nilichotaka kusikia. Rejeta ikazibuliwa, nikashuka Mbeya, nikarudi, na nikipanda Kawetire gari lilichemka hadi likajizima. Safari hiyo hedi haikuwa na ufa mmoja, ilikuwa na nyufa tatu, na pistoni moja ilikuwa imeshikana na silinda. Injini nzima ikaenda. Maoni ya pili yalinigharimu mara tatu ya maoni ya kwanza.

#12 Dada wa Gangilonga

Pole sana, Surf ya Chunya. Lakini huyo fundi wa pili alipima nini kabla ya kusema ni rejeta?

#13 Surf ya Chunya

Aliishika kwa mkono, juu ikiwa ya moto na chini ya baridi, akasema imeziba. Na kweli ilikuwa imeziba. Hedi nayo ilikuwa imepasuka. Vyote viwili vilikuwa kweli.

#14 Chai ya Tukuyu

Kwa maoni yangu tatizo ni mlima. Gari likipanda juu, hewa ya huko ina presha kubwa na injini inafanya kazi mara mbili. Magari yote yanachemsha Isongole.

#15 Mwalimu wa Fizikia

Mkuu Chai, ni kinyume. Kadiri unavyopanda juu, presha ya hewa inapungua. Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi, na hapa maji yaliyo wazi kwenye sufuria yanachemka karibu nyuzi 94, si 100. Isongole ni juu zaidi, yanachemka mapema zaidi. Ndiyo sababu maharage ya huku yanakula mkaa.

Hilo linatupeleka kwenye kitu cha bei ndogo ambacho hakimo kabisa katika orodha ya 1,650,000, nacho ni mfuniko wa rejeta. Mfuniko una springi inayozuia presha ndani ya mfumo, na kwenye magari mengi ya Toyota umeandikwa 0.9 au 1.1. Ukiwa mzima wa 1.1, maji ya rejeta hapa Mbeya hayachemki hadi yapite nyuzi 115. Mpira wake ukikauka au springi ikilegea, unarudi kwenye nyuzi 94, na injini ya kawaida inatembea kwenye 85 hadi 95. Maana yake ni kwamba gari lenye mfuniko mbovu linaweza kuwa sawa Dar es Salaam na likachemka likifika kwetu, hasa kama mwenyewe anaongeza maji ya bomba badala ya kulanti. Maji yakichemka yanasukumwa kwenye kopo la akiba, kopo linafurika, yanamwagika barabarani, na mwenye gari haoni. Lita moja na nusu inaweza kupotea hivyo katika mpando mmoja.

#16 Mtani wa Lumbesa

Mwalimu ametuletea maharage kwenye uzi wa viazi. Naona chakula kimekamilika.

#17 Spana 17

Namuunga mkono Mwalimu kwa sehemu. Mfuniko ndicho kitu cha kwanza mimi kubadilisha, na wa Noah haufiki 20,000. Nyongeza yangu ni kwamba mfuniko mbovu hauelezi kila kitu. Gari limebeba lumbesa miaka mitatu kwenye mlima ule ule. Kama ni mfuniko, ulikufa lini? Mimi bado nashuku pampu. Kwenye injini hiyo pampu ikianza kuchoka inatoa maji kidogo kwenye kitundu cha chini, yanakauka kwa joto na kuacha alama ya rangi ya kulanti. Mtu asipolala chini na tochi haoni.

#18 Mzee wa Probox

Mimi nasema ni feni. Washa kiyoyozi gari likiwa limesimama, ufungue boneti uone kama feni zote mbili zinazunguka. Moja ikiwa imelala, umepata jibu bila kumlipa mtu.

#19 Mwalimu wa Fizikia

Feni inasumbua zaidi gari likiwa kwenye foleni au mwendo wa polepole, Mzee. Ingawa, kwa haki, Noah lenye gunia tano kwenye mpando ule nalo halina mwendo wa kujivunia.

#20 Baridi ya Njombe

Turudi kwenye swali lake la kwanza, kama dalili zinatosha. Vipimo vya gasketi vipo na havihitaji kufungua chochote. Cha kwanza ni pampu ya mkono inayofungwa mahali pa mfuniko wa rejeta, unajaza presha kwa kiwango cha mfuniko, unaangalia kama inashuka na maji yanatokea wapi. Cha pili ni dawa ya bluu: kichupa kinawekwa kwenye mdomo wa rejeta injini ikiwa inanguruma na ya moto, hewa ya humo inavutwa kupitia dawa, na kama kuna gesi ya silinda dawa inageuka kuwa njano. Cha tatu ni kupima kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inaweza kubana. Fundi aliyeangalia mfuniko na moshi hajafanya hata kimoja.

#21 Surf ya Chunya

Hicho cha tatu nacho kina mtego wake. Shemeji yangu alipimiwa kompresheni hapa Mbeya, silinda zote nne zikasoma chini ya namba ya kitabu kwa karibu sehemu moja ya sita, akaambiwa ringi zimekwisha na injini ifunguliwe.

#22 Mwalimu wa Fizikia

Namba ya kitabu ni ya usawa wa bahari. Hewa ya Mbeya ina presha ya karibu asilimia 82 ya ile ya pwani, kwa hiyo injini nzima kabisa itasoma chini hapa. Linaloangaliwa ni tofauti kati ya silinda na silinda. Zote nne zikilingana, shemeji asilipe. Mbili zilizo jirani zikiwa chini kuliko nyingine, gasketi inaweza kuwa imeungua katikati yake.

#23 Surf ya Chunya

Zilikuwa zinalingana. Ameshalipa.

#24 Bodaboda Mstaafu

Kwa nini msitumie ile mashine ya kompyuta? Inachomekwa chini ya usukani, inasema ugonjwa wote.

#25 Spana 17

Mashine haisemi ugonjwa, inasema kilichoonwa na sensa. Mwezi uliopita nimeletewa gari lenye namba P0171, maana yake hewa ni nyingi kuliko petroli. Mwenye gari alikuwa ameshauziwa sensa ya hewa, na nozeli zimeoshwa. Mpira wa kupitisha hewa baada ya filta ulikuwa na ufa upande wa chini, ambao unafunguka injini inapotikisika. Niliuona kwa kuukunja kwa mkono. Na kwa gasketi ya hedi, mashine mara nyingi haitakuambia lolote mpaka silinda ianze kukosa moto, ndipo unaona P0301 au ndugu zake.

#26 Noah la Forest

Nashukuru sana wote. Kuhusu swali la pili bado sijapata jibu. Jana nilimwambia jirani yangu nasubiri mshahara. Nilidanganya, na naona aibu. Nikienda kwa fundi mwingine, nimwambie alichosema wa kwanza au ninyamaze?

#27 Dada wa Gangilonga

Nyamaza. Mweleze dalili tu: limepanda joto mahali fulani, limepungukiwa maji kiasi fulani. Ukimtajia gasketi, atatafuta gasketi. Na mlipe fedha ya kupima hata kama hatatengeneza kitu, ili asiwe na haja ya kutafuta ubovu.

#28 Spana 17

Kwenye malipo ya kupima nakubali kwa mikono miwili, na ningependa wateja wote wasome hapo. Mteja anakuja, nalala chini ya gari lake saa nzima, namwambia ubovu, anaondoka na jibu langu kwenda kumtafuta wa bei nafuu. Ndiyo sababu mafundi wengine wanataka kufungua haraka. Gari lililofunguliwa haliondoki.

Kwenye kunyamaza sikubaliani. Mgonjwa anayehamia hospitali nyingine huchukua vipimo vyake. Ukinificha, nitaanza upya, na muda huo ni wako.

#29 Dada wa Gangilonga

Vipimo ndiyo, apeleke. Lakini huyu hana vipimo, ana mfuniko wa oili na moshi wa asubuhi.

#30 Mizani Makambako

Dada amemaliza hapo.

#31 Kijiwe cha Sheria

Kwa ufupi tu. Makubaliano ya mdomo na fundi ni mkataba halali kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ila ukija kubishana utahitaji ushahidi. Mwandikieni fundi hata ujumbe wa simu kwamba anaruhusiwa kupima tu, na asifungue wala kubadilisha kitu bila idhini yako. Akishafanya kazi uliyomruhusu, ana haki ya kulishikilia gari mpaka alipwe. Asiyoruhusiwa ni hadithi nyingine.

#32 Chai ya Tukuyu

Na jirani, mwambie ukweli. Mwambie mke amekataa fedha isitoke bila kupima kwanza. Hakuna fundi anayeshindana na mke wa mtu.

#33 Noah la Forest

Chai ya Tukuyu, nilitumia hiyo hiyo. Alicheka, akasema hata yeye kwake ni hivyo.

Sasa nirudishe majibu. Jumatano nililipeleka kwa fundi mwingine upande wa Mbalizi (si Spana 17, msimshuku), nikamlipa 40,000 ya kupima. Sikumtajia gasketi. Feni zote mbili zinazunguka. Dawa ya bluu aliirudia mara mbili, ikabaki bluu. Pampu ya mkono ilishuka polepole, kama robo ya kiwango kwa dakika ishirini, na chini ya pampu ya maji kulikuwa na ukoko wa waridi uliokauka, mdogo kama kucha ya kidole cha mwisho. Mfuniko wa rejeta haukushika presha hata kidogo. Alibadilisha mfuniko kwa 18,000, akasema pampu inaweza kusubiri mwisho wa mwezi, na gasketi haioni.

Jana nimepanda Isongole. Mshale haukusogea.

#34 Mwalimu wa Fizikia

Mfuniko. Nashukuru kwa kurudi na majibu.

#35 Spana 17

Pampu. Ukoko wa waridi ndio niliousema namba 17. Mfuniko umeisaidia tu.

#36 Noah la Forest

Kuna jambo moja linanisumbua. Leo alfajiri nimeuminya mpira wa juu wa rejeta kama nilivyoelekezwa. Si mgumu kama jiwe, ila si laini pia.

#37 Spana 17

Gari ulilizima saa ngapi?

#38 Noah la Forest

Saa nne usiku. Nimeuminya saa kumi na moja na nusu.

#39 Surf ya Chunya

Saa saba na nusu zinatosha kabisa kupoa. Mimi ningerudia ile dawa ya bluu baada ya safari ndefu, gesi nyingine haionekani mpaka injini ibebe mzigo. Simtishi mtu. Nilishawahi kufurahi mapema.

#40 Baridi ya Njombe

Mfuniko mpya unashika presha kuliko ule wa zamani, na yeye hajui mpira ulikuwaje zamani, kwa sababu hakuwahi kuuminya. Hapo hakuna cha kulinganisha. Auminye wiki nzima, aandike.

#41 Spana 17

Na lisifunguliwe kwa kubahatisha. Bloki ya injini hiyo ni ya aluminiamu na boliti ni za chuma. Boliti za hedi zikifunguliwa zinaweza kutoka na nyuzi za bloki, kisha unarudi nyumbani na ugonjwa ambao hukwenda nao.

#42 Mtani wa Lumbesa

Mkuu Noah, hapo jana ulipopanda Isongole na mshale usisogee, ulikuwa na gunia ngapi?

#43 Noah la Forest

Nilipanda tupu. Niliogopa.

#44 Mtani wa Lumbesa

Na kurudi?

#45 Noah la Forest

Kurudi ni mteremko. Jumamosi nitapandisha likiwa na gunia nne za mbegu, mchanganyiko wa kulanti ukiwa kamili, na chupa ya dawa ya bluu nimeshainunua mwenyewe.